Karatasi Niliyokataa Kuiacha

Mimi si mtu wa kuogopa karatasi. Nimeishi nazo miaka kumi na mitatu katika jiji hili la Johannesburg, na tabia zake nazijua: zinachelewa, zinakwisha muda, zinadai mihuri. Lakini karatasi kutabiri mambo ya watu? Hayo niliwaachia wengine. Ndiyo maana siku ile Kyoto nilicheka kwa sauti, na mwenyeji wetu Mjapani akanitazama bila kucheka.

Tulikuwa watatu, mafundi cherehani wa mtaa wa Jeppestown. Mimi ni Victorine, mtu wa Uvira, ingawa hilo jina halitumiki. Wakongo wenzangu wananiita Mama Orpha, kwa jina la binti yangu niliyemwacha kwa mama yangu akiwa na miaka sita. Wa pili ni Arlène wa Lubumbashi, anayeshona magauni ya harusi na kufunga kila Jumatano kwa maombi. Wa tatu ni Valentin, Mrundi, bingwa wa suti, ambaye mizaha yake haisimami hata msibani. Mama Nishida, mwanamke wa kule Japani aliyekuwa akija kununua kazi zetu za vitenge, ndiye aliyetualika kwenye maonyesho ya nguo kwao, mwezi wa nne mwaka jana. Maonyesho yalipokwisha akatupa siku moja ya kutembea kwenye mahekalu.

Ilikuwa siku nzuri, sitaki kuisingizia. Asubuhi tulipanda mlima wenye milango ya mbao iliyopakwa rangi ya chungwa, mamia kwa mamia, imepangwa mmoja baada ya mwingine mpaka juu. Arlène akagoma kupita chini ya hata mmoja. Akapandia pembeni, vichakani, akikemea kwa jina la Yesu, na alipofika juu wigi lake lilikuwa limejaa majani. Valentin yeye alipita kila mlango na kila mbweha wa jiwe akamsalimia kwa Kirundi. Hekalu la pili tuliambiwa tuvue viatu, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba soksi ya bingwa wa suti ina tundu, kidole gumba kinachungulia nje kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Hekalu la tatu lilikuwa dogo, nyuma ya soko la kachumbari. Pale kuna boksi la vijiti. Unalitikisa, kinatoka kijiti chenye namba, na kwa namba hiyo unapewa karatasi ya bahati yako. Valentin alipata bahati ya kati, akavimba kichwa. Arlène hakugusa. Mimi nilitikisa kwa mzaha, na Mama Nishida akaisoma karatasi yangu mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Bahati mbaya kabisa," akasema kwa Kiingereza. "Hii hutoka mara chache sana."

Akanitafsiria mistari minne. Ugonjwa: utachelewa kupona. Kilichopotea: hakitaonekana. Nyumbani: kutakuwa na kilio. Unayemngoja: hatafika.

Kando ya hekalu kulikuwa na nyaya zilizotandazwa, na karatasi nyeupe zimefungwa juu yake kwa mafundo, nyingi kama nguo za mtoto mchanga kwenye kamba. Huo ndio utaratibu wao. Karatasi mbaya unaifunga pale, unaondoka, ubaya unabaki hapohapo. Mama Nishida alikuwa ameshanyoosha mkono kunisaidia kufunga fundo.

Nikakataa, na watu wa kwetu wataelewa kwa nini. Mwaka wangu wa pili wa ukimbizi nilitupa kijikaratasi kidogo kama tiketi ya basi, nikidhani hakina kazi. Miezi saba baadaye, dirishani pa ofisi ya wakimbizi, nikaulizwa hichohicho. Faili langu likarudi mwanzo, na ombi la kumleta Orpha likalala nalo, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto akaota matiti bila mimi kumwona. Tangu hapo siachi karatasi nyuma yangu, hata risiti ya mkate. Zote zimo kwenye bahasha ya plastiki ninayotembea nayo mkobani.

"Iache, Victorine-san," Mama Nishida akasema. "Usiende nayo nyumbani."

"Ina namba na ina muhuri mwekundu," nikamjibu. "Kitu chenye namba na muhuri mimi sikiachi ugenini."

"Mama Orpha, acha ile kintu hapa," Arlène akasema. "Iko ya mashetani yao, ibakie kwao."

"Wewe uliyepita vichakani kukwepa milango ndiwe unanifundisha?"

Nikaitia kwenye bahasha, pamoja na kibali changu na picha za Orpha. Mama Nishida aliinamisha kichwa, akatangulia njia ya hoteli.

Mwezi wa sita, karakanani kwetu, Valentin alikanyaga sindano ya cherehani. Kitu cha kawaida kwa fundi. Lakini kidole kilekile kilichochungulia Kyoto kikavimba, kikageuka rangi, kikakataa kupona. Mwezi wa nane akawa anatembea na fimbo, daktari akimwambia habari za sukari. Alifanya mzaha, kwamba kidole chake kimepigwa picha na mizimu. Mimi sikucheka sana.

Mwezi wa kumi mkasi wangu ukapotea. Mkasi wa mama yangu, nilioubeba kutoka Uvira nimeuviringisha kwenye kanga. Niliuweka mezani saa nne asubuhi, nikageuka kuchukua uzi, haupo. Tulifagia karakana nzima, tukapitisha sumaku sakafuni, tukapekua hata mikoba ya wateja, jambo la aibu. Haukuonekana mpaka leo. Bado sikuogopa. Nilikasirika tu, nikagombana na kila mtu wiki nzima.

Kisha vita vikafika Uvira. Mama yangu alikufa njiani, akikimbia na godoro kichwani, na Orpha akamzika na majirani mahali ambapo mpaka sasa hawezi kunieleza vizuri ni wapi. Nilikilia kilio hicho hapa, juu ya cherehani, na Arlène amenishika mabega. Binti yangu alikuwa amebaki peke yake, ana miaka kumi na tisa. Akashuka na ziwa mpaka Kalemie, akafika Lubumbashi kwa shangazi wa Arlène, na kutoka huko akapanda basi la kuja kwangu. Mipaka mitatu. Alivyoivuka sitasema. Simu yake iliibiwa kwenye mpaka wa pili, akawa ananipigia kwa simu za abiria wenzake.

"Andika namba yangu na anwani ya karakana kwenye karatasi," nilimwambia. "Ukinikosa stesheni, njoo Jeppestown. Na hiyo karatasi usiiachilie, Orpha. Hata ukilala, iwe mkononi."

"Ndiyo, mama," akasema. Sauti ya mtu mzima. Sikuizoea.

Jumatano ile Arlène alitoka kwenye maombi akaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Mistari tatu imetimia," akasema. "Inabakia moja."

Nikampa vidonge vyake, nikamwambia akatabirie bibi harusi wake. Lakini alipoondoka niliitoa ile karatasi na kuyatazama yale maandishi nisiyoyajua, na mstari wa mwisho nikaukumbuka neno kwa neno. Unayemngoja: hatafika. Niliogopa. Basi, nimesema.

Nikampigia Mama Nishida. Akasema inaweza kufungwa kwenye hekalu lolote la heshima. Alimjua mzee mmoja wa kwao, Okuda, aliyekuwa na kijihekalu bustanini kwake huku Johannesburg, upande wa kaskazini. Ikishindikana, kuna hekalu kubwa la Wachina nje ya jiji, njia ya kwenda Witbank.

Basi la Orpha lilitazamiwa Park Station Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na maandamano mjini, ya wale wanaotaka sisi wageni tuondoke. Vikaratasi vyao vilikuwa vimebandikwa kwenye kila nguzo, mpaka kwenye ukuta wa karakana yetu. Yataanza saa sita, watu wakasema, saa kumi na moja yatakuwa yamekwisha. Nikamwomba Zabibu, Mrundi mwenzake Valentin anayeuza chai nje ya stesheni, aliangalie basi endapo nitachelewa kidogo. Nikampa hata picha.

Tuliondoka saa moja asubuhi kwa gari la Valentin, walewale watatu wa Kyoto. Kwa Mzee Okuda tulikuta kibao cha nyumba kuuzwa. Mtunza bustani alifungua geti kidogo, akatusikiliza, akakuna kichwa.

"Eish, mama, mmechelewa," akasema. "Mzee alifariki Julai."

Alituonyesha bustani. Nguzo mbili nyekundu zilikuwa zimelazwa kwenye majani, zimefungwa pamoja na matawi makavu, zikingoja gari la taka. Arlène akaanza kukemea chini kwa chini. Valentin aliegemea gari lake, mguu ulikuwa unamuuma, na siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Turudi, sha," akaniambia. "Tukakae stesheni tumngoje mtoto. Hii karatasi tutaipeleka kesho, tukiwa na yeye."

"Miye pia naona vile," Arlène akasema. "Tukakae pale, tuombe."

Wote wawili walisema. Naandika hivi ili ijulikane kwamba walisema.

"Mtoto anafika saa kumi na moja," nikawajibu. "Sitamngoja nikiwa na hiki kitu mkobani. Twendeni."

Kwenye roboti, taa za kuingilia barabara kuu, tulisimama nyuma ya bakie, pikapu iliyojaa vijana. Wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba, mmoja ana fimbo anayoigonga ubavuni mwa gari kwa mapigo ya wimbo. Alitutazama, akatutazama tena, akatabasamu. Valentin akafunga milango yote kwa kidole kimoja, polepole. Taa ilipogeuka kijani wao wakakata kuelekea mjini. Ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

Hekalu la Wachina linaonekana kutoka mbali, paa za manjano katikati ya nyasi kavu na hakuna kingine. Mlangoni palikuwa na utaratibu. Viatu unavua, simu unazima, vyote unaviweka kwenye kijisanduku chenye namba. Nilitazama saa ya simu kabla ya kuizima: saa tano kasoro robo. Basi lilikuwa na saa sita mbele yake. Nikazima.

Mtawa mmoja mwanamke, kichwa kimenyolewa, alinisikiliza kwa upole. Akasema kwao hawafungi karatasi, lakini nyuma ya ukumbi kuna mti, na hatanizuia. Ila ibada inaanza, na ni vizuri aliyeleta tatizo aketi kwanza. Tukaketi. Wanaimba taratibu sana wale watu, neno moja linachukua dakika, na kengele inagongwa unapodhani wamemaliza. Mara mbili nilitaka kuinuka. Mbele yangu na nyuma yangu watu walikuwa wamepiga magoti, nikaona haya kuwapitia. Arlène alikuwa amefumba macho, kilemba amekikaza, midomo inakwenda kwa maombi yake mwenyewe.

Ilipokwisha nilikwenda kwenye ule mti, mti mfupi wenye majani membamba. Nikaikunja karatasi kwa urefu kama nilivyoona Kyoto, nikaizungusha kwenye tawi, nikafunga fundo la fundi, ambalo halifunguki. Ilikuwa karatasi ya kwanza kuiacha kwa hiari yangu tangu ile ya mwaka wa pili. Nilijisikia mwepesi kabisa. Nikarudi kwenye vijisanduku karibu nikikimbia, miguu mitupu, nikicheka na Arlène.

Nikawasha simu. Ilianza kutetemeka na haikuacha. Simu kumi na moja nilizozikosa. Mbili za namba nisiyoijua, saa tano na nusu. Tisa za Zabibu. Na ujumbe wake: *Basi limewahi, mpakani hakukuwa na foleni. Mtoto yuko hapa kwangu. Uko wapi?* Kisha mwingine: *Mama Orpha, shika simu.* Kisha mwingine, wa saa saba na nusu: *Wanakuja huku.*

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Nikampigia Zabibu, haikushikwa. Nikaipigia namba ile nyingine, akashika mwanamume wa Kizambia. Alikuwa abiria, alimwazima binti simu, sasa yuko mbali, anaomba radhi.

Valentin aliendesha na mguu wake ule mbovu mpaka machozi yakamtoka. Karibu na jiji tukaona moshi, nguzo tatu nyembamba, na upande zilikosimama niliujua kabla hatujaukaribia. Barabara mbili zilikuwa zimefungwa. Tulifika Park Station saa kumi kamili, saa nzima kabla ya saa ambayo basi lilipaswa kufika.

Wauza bidhaa wote walikuwa wameondoka. Chini kulikuwa na machungwa yaliyopondwa na sandali moja moja. Tulimpata Zabibu ndani ya duka la jamaa yake mtaa wa pili, Joubert Park, shata la mlango limeshushwa nusu. Aliponiona akashika kichwa.

"Nilimweka kwenye kiti changu," akasema. "Nilimpa chai, hakunywa, anasema atakunywa na mama. Alikaa na begi miguuni zaidi ya saa mbili. Kila mwanamke aliyepita mwenye kitenge, anainuka."

"Yuko wapi, Zabibu?"

"Walinzi walitufukuza wote, wanasema umati unakuja stesheni. Mimi nina birika la moto na mtoto mgongoni. Nikamwambia njoo na mimi. Akasema hapana, mama alisema nikimkosa niende Jeppestown. Akanionyesha karatasi, alikuwa ameishika hivi, imelowa jasho. Kulikuwa na wamama wawili Wamalawi wanaelekea kulekule, nikamkabidhi kwao." Akaanza kulia. "Nilijua uko karakanani. Kwa nini hukushika simu?"

Niligeuka, nikakimbilia gari.

Umati haukukaa stesheni. Ulizunguka ukaelekea mashariki, na kufikia hapo tulishajua unakwenda Jeppestown. Gari lilizuiwa, nikashuka nikakimbia, kilomita mbili na ushee, Arlène nyuma yangu akiniita. Mtaa wetu ulikuwa mtupu na kioo kilikuwa kimetapakaa mpaka katikati ya barabara. Saluni ya jirani ilikuwa inafuka moshi. Mlango wa karakana yetu ulikuwa mzima, umefungwa na kufuli langu mwenyewe, vyuma vya dirisha vizima.

Kwenye chuma cha katikati kulikuwa na karatasi imefungwa kwa fundo.

Nilisimama pale nikaitazama, sikutaka kuigusa. Arlène alinifikia akaiona, akapiga magoti barabarani. Nikaifungua kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa, na mtoto wa fundi hufunga kama fundi.

*Mama, nimefika. Nimebisha hodi sana. Watu wanakuja na moto, hawa wamama wanasema tusisimame hapa. Naacha hii ili ujue nilifika. Orpha.*

Nikaigeuza. Upande wa pili, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na anwani ya karakana yangu na namba yangu ya simu. Hakuwa na karatasi nyingine ya kuandikia.

Leo ni siku ya tano. Tumekwenda hospitali, tumekwenda vituo vya polisi, tumekwenda kumbi za makanisa ambako watu wetu wamelazwa sakafuni. Nimewapata Wamalawi wengi na kila mmoja nimemwonyesha picha. Valentin anazunguka na fimbo yake. Mama Nishida alipiga simu kuuliza kama nilifanikiwa kuifunga karatasi, nikamwambia ndiyo, nikakata. Simu siizimi tena, hata kanisani, lakini nani ataipiga? Namba hana.

Karatasi ya Orpha sikuitia kwenye bahasha. Niliirudisha kwenye chuma cha dirisha na kuifunga palepale, ili akipita aione, na nimeketi chini yake tangu alfajiri. Arlène anasema maneno ya kule Kyoto yametimia. Siyo kweli. Mwanangu alifika, akabisha hodi kwenye mlango wangu, na mimi nilikuwa karibu kilomita mia kutoka hapa, miguu mitupu, nimezima simu.